Kituo cha Madirisha Yaliyozibwa

Njia niliyopita hadi kufika nchi ya Marumbwe sitaieleza, kwa kuwa haikuwa na kitu zaidi ya vumbi. Nitaeleza niliyoyaona kwa muda wa siku nne nilizokaa huko, na pale ambapo sikuona mwenyewe nitasema nimeambiwa na nani.

Wamarumbwe ni watu wapole, wasafi, wanaosalimiana kwa muda mrefu. Jirani yao wa mashariki ni nchi iitwayo Ngele. Kati ya nchi hizo mbili hakuna mlima wala jangwa. Kuna mto Shinde tu, ambao upana wake, kwa makadirio yangu, ni hatua sabini. Jogoo wa Ngele akiwika, Wamarumbwe huamka. Moshi wa majiko ya Ngele huanguka kwenye nguo zilizoanikwa Marumbwe. Hata hivyo, nilipowauliza watu wa mjini habari za majirani zao, kila mmoja alinijibu kwa adabu maneno yaleyale: "Hayo waulize Kituo."

Kituo ni mali ya Chuo Kikuu, na jina lake kamili ni Kituo cha Utafiti wa Nchi ya Ngele na Watu Wake. Ni jengo la ghorofa tatu lililo ukingoni kabisa mwa mto. Mkurugenzi wake, Profesa Mgaza, mtu mnene mwenye sauti laini, alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu sana, mgeni wetu," alisema. "Tumeambiwa umetoka mbali. Hapa kwetu hakuna sifa kubwa kuliko kuwa mbali na jambo."

Alinitembeza ofisi kwa ofisi. Kila ofisi ilikuwa na dirisha la upande wa mjini, na dirisha jingine la upande wa mto. La upande wa mto lilikuwa na fremu nzuri na pazia lililopigwa pasi, lakini nilipolifunua pazia nilikuta matofali. Nilihesabu madirisha arobaini ya namna hiyo. Nilidhani ni kwa ajili ya mafuriko.

"Hapana," alisema Profesa. "Yasipozibwa, tutaona."

"Mtaona nini?"

"Ngele."

"Nisamehe, Profesa. Si ndiyo mnayoisoma?"

Alinitazama kwa huruma. "Ndugu yangu, anayekiona kitu hukiona kwa upande wake. Akishakiona hawezi tena kukisoma kwa haki. Sisi tuna macho safi."

Akanionyesha ukutani cheti chenye maneno hayo, Macho Safi, ambacho kila mtafiti hukitia saini mwanzoni mwa mwaka akiapa kwamba hajaitazama Ngele. Aliniambia kwa masikitiko kuhusu msaidizi mmoja hodari aliyepanda juu ya paa kuzibua mfereji wa mvua, akasahau kufumba macho. Sasa anafundisha hesabu katika shule ya msingi.

Sikutaka kuhukumu mapema. Nimewahi kukutana na mambo yanayoonekana ya ajabu siku ya kwanza, na siku ya tatu nikayaelewa. Kwa hiyo niliuliza tu elimu yao inatoka wapi. Profesa akanipeleka maktaba na kunionyesha vitabu saba vya ngozi nyekundu. Hivyo viliandikwa na Mwasisi wa Kituo, miaka tisini iliyopita, baada ya kukutana na Mngele mmoja sokoni aliyekuwa akiuza vikapu. Mngele huyo alikuwa na mafua, na alichechemea mguu wa kushoto. Mwasisi alimtazama kwa muda wa kununua kikapu kimoja, akaenda nyumbani, akaanza kuandika. Katika vitabu vyake imethibitishwa kwamba Wangele wote huchechemea mguu wa kushoto, na kwamba Mngele akiamka hupiga chafya mara tatu kabla ya kusema neno. Imethibitishwa pia kwamba hawajui unga wala uji, kwa sababu yule muuza vikapu hakuwa na unga. Na mto Shinde hauna mwisho wa kina. Hili la mwisho sikuona linatokana na nini, na nilipouliza niliambiwa ni jambo linalojulikana.

Saa nne kamili kengele ililia na watafiti wote wakashuka kunywa chai. Ilikuja na mikate ya mviringo, ya moto, yenye harufu ya iliki. Mama aliyeileta alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mrefu, kitambaa cheupe kichwani. Watafiti walimsogezea vikombe bila kumtazama, huku wakiendelea kubishana. Mmoja wao, Dakta Fumbwe, mtaalamu wa vyakula vya Ngele, alishika mkate wa tatu mkononi na kunieleza kwa kirefu kwamba Wangele wangeujua mkate kama huu, historia yao yote ingekuwa nyingine.

Nikatoa vyombo kwenda navyo jikoni, kwa kuwa nimezoea hivyo. Nikamuuliza yule mama mikate ile hupikwaje.

"Kama alivyonifundisha mama yangu," alisema. "Kwetu Ngele."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Umesikia, kaka," alisema akicheka. "Naitwa Zamda. Nililetwa huku kuolewa nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikapita daraja lile na zawadi zangu kichwani. Siku hizo halikuwa na walinzi. Miaka ishirini na sita nawapikia hawa chai."

"Na hawajakuuliza chochote?"

"Wameuliza. Wameuliza kama kuna sukari zaidi."

Tulikuwa bado tunacheka iliposikika sauti ya mwanamume kutoka ng'ambo ya mto, ndefu, yenye nguvu, ya mtu aliyeweka viganja mdomoni. "Zamda ee! Mama hali! Siku ya tano mama hali! Anakuulizia!"

Kicheko kilitoweka usoni mwake. Aliweka birika chini na kushika ukingo wa meza.

"Huyo ni nani?"

"Kibwana, kaka yangu."

"Mbona humjibu?"

Alinyoosha kidole kuelekea dari. "Kwa ajili ya hao. Wao huiandika sauti ile. Ukijibu unaharibu utafiti, na anayeharibu utafiti hafanyi mtihani mwaka mzima. Nilijibu mara moja tu, mwaka juzi, baba alipokufa. Nilisema 'Ee!' tu, basi."

Mtihani aliousema ni huu. Sheria ya Marumbwe inasema daraja la Shinde halivukwi ila na Mngele halisi anayekwenda kwao, na uhalisi wake huthibitishwa na Kituo kwa maswali na muhuri. Mwenye muhuri huenda na kurudi. Asiye na muhuri huzuiwa na walinzi, na akivuka kwa hila harudi tena. Tangu sheria itungwe, miaka ishirini na minne iliyopita, hakuna mtu hata mmoja aliyefaulu. Profesa Mgaza alinitajia jambo hilo kwa fahari, kama ushahidi wa ubora wa mtihani. Bi Zamda alikuwa amefeli mara mbili. Mara ya tatu ilikuwa kesho yake.

Alasiri ile niliruhusiwa kuingia Chumba cha Masikio, ambako makarani wawili huandika kila sauti inayopita juu ya ukuta wa upande wa mto. Maneno ya Kibwana yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwa mwandiko mzuri chini ya kichwa "Wimbo wa Mama Asiyekula, ubeti wa tano", na watafiti walikuwa wakiujadili. Kijana mmoja alidai kwamba "mama" ni ardhi, na kutokula ni ukame. Mwingine akasema ni serikali. Dakta Fumbwe aliwasikiliza wote, kisha akasema kwa utulivu, "Jambo moja tukubaliane. Mama hapa si mama."

Nikainua mkono. "Samahani. Labda mama wa mtu anaumwa."

Dakta Fumbwe akatabasamu. "Hiyo ndiyo tafsiri ya sokoni, mgeni wetu. Tunaiheshimu."

"Lakini Zamda ni jina la mama anayewapikia."

"Zamda," alisema, "ni kiitikio."

Asubuhi ya siku ya tatu nilikaa nyuma ya ukumbi kushuhudia mtihani. Watahini walikuwa watatu, Dakta Fumbwe katikati. Bi Zamda alikuwa amevaa nguo ya sikukuu, na mikono yake ilikuwa bado na unga.

"Swali la kwanza," alisema Dakta Fumbwe. "Mngele akiamka asubuhi hufanya nini?"

"Anakwenda chooni, mwanangu. Kama wewe."

Watu wa nyuma waliziba midomo. Karani akaandika sifuri.

"Jibu ni kwamba hupiga chafya mara tatu."

"Nani huyo?"

"Wangele."

"Wangele gani? Wa kijiji gani? Mimi nimelala nao nyumba moja miaka ishirini na miwili!"

"Ndiyo sababu ushahidi wako una upendeleo, mama. Swali la pili. Tembea."

Alitembea hadi ukutani na kurudi, mgongo umenyooka.

"Huchechemei," alisema mtahini wa kulia kwa masikitiko.

"Sijaumia."

"Swali la tatu. Wangele humlishaje mgonjwa?"

Hapo nikaona kwamba swali hili halikuwa la mtihani kwa Bi Zamda. "Kwa uji mwepesi," alisema. "Unauacha upoe hadi usiunguze kidole. Unamwinua kichwa. Mama yangu anapenda wenye ndimu, bila sukari, na hakubali kulishwa na mtu mwingine isipokuwa mimi. Ndiyo maana hali. Dakta, mwanangu, kule hakuna mwingine anayejua. Nipeni huo muhuri, nimpe uji nirudi. Sitakosa chai ya saa nne hata siku mbili."

Dakta Fumbwe alifungua kitabu chekundu cha nne na kumgeuzia ukurasa, bila ukali wowote. "Wangele hawana uji," alisema. "Soma mwenyewe."

Alipata sifuri katika maswali yote arobaini. Profesa Mgaza alinong'ona sikioni mwangu kwamba Mmarumbwe wa kawaida, akijibu kwa kubahatisha, hupata walau sita.

Nilimkuta jikoni akikanda unga. Nikamwambia, kwa kuwa ndilo wazo lililonijia, kwamba ningeweza kukaa naye jioni moja nimsomee vile vitabu saba. Mwakani apige chafya, achechemee, apate muhuri.

"Mwakani," alisema. Alikanda kwa muda. "Na hata ingekuwa kesho, kaka. Wangeyaandika. Wangesema Mngele mwenyewe kathibitisha. Nimpakazie mama yangu chafya mpaka dunia iishe?"

Nilichukua ndoo ya maji machafu nimsaidie kuyamwaga, nikafungua mlango wa nyuma. Huo ndio mlango pekee wa Kituo unaoelekea mtoni, kwa sababu jiko haliwezi kukosa pa kumwaga maji, na hakuna mtafiti anayeingia jikoni. Nikauona mto. Ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, unakwenda taratibu. Ng'ambo aliketi mwanamume juu ya jiwe, viwiko magotini.

Mimi nina tabia ya kupima vitu. Nilichukua ufagio wa mti mrefu uliokuwa mlangoni, nikaugeuza, nikaingiza mpini majini kwenye ukingo. Ulizama shubiri moja. Nikavua viatu na kuingia. Nilikwenda hatua ishirini nikipima, kisha thelathini na tano, ambayo ni katikati ya mto, na maji hayakupita goti langu. Nikarudi na kuuweka ufagio mahali pake.

Bi Zamda alikuwa amesimama mlangoni. Aliitazama suruali yangu, mahali ilipoishia kulowa.

"Miaka ishirini na sita," alisema polepole, "namwaga maji hapa. Wameandika hauna mwisho, nami nikaamini. Hata kidole sijatia." Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nasema hawana akili hao. Na mimi je?"

"Walinzi?"

"Walinzi wako darajani. Huku nani atazame?"

Tuliinua macho sote wawili. Juu yetu, ghorofa tatu, madirisha arobaini ya matofali yalikuwa yamepakwa chokaa nyeupe kabisa.

"Ukienda hivi hutarudi," nilimwambia, kwa kuwa lazima jambo hilo lisemwe.

"Najua. Nina kaburi la mume wangu huku." Akageuka kutazama jikoni. "Na birika tatu."

Nilimwambia kwamba kesho yake, saa tatu na nusu, Baraza la Kituo lingekaa kusikiliza rufaa, na kwamba mgeni anaruhusiwa kusema. Ningewaeleza nilichopima. Labda wangetoa muhuri.

"Sema nao, kaka," alisema akinyanyuka. "Na useme kwa kirefu. Wewe unajua kusema taratibu. Wasiwe na haraka ya kutoka."

Baraza lilikaa asubuhi ya siku ya nne likiwa na watafiti wote. Nilisema kwa kirefu, kama nilivyoombwa. Nilisema kwamba mtu mmoja mwenye mafua si taifa. Nilisema kwamba nimeupima mto Shinde na haufiki pajani.

"Umepima kwa chombo gani?" aliuliza Profesa Mgaza.

"Kwa ufagio."

Walicheka hadi mmoja akatoa kitambaa kufuta macho. Dakta Fumbwe hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo umeutazama mto."

"Nimeutazama."

"Na ng'ambo yake?"

"Na ng'ambo yake. Kuna mtu kwenye jiwe. Hachechemei, ila alikuwa ameketi."

Kelele zikawa kubwa. Ilibidi wapige kura kwanza kama macho yangu ni machafu, kisha kama maneno ya mtu mwenye macho machafu yaandikwe au yasiandikwe, kisha kama karani aliyekwisha kuyaandika naye amechafuka. Hilo la tatu lilichukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu karani alijitetea vizuri. Rufaa ya Bi Zamda haikufikiwa. Niliamriwa kuondoka Marumbwe kabla ya jua kutua, nami nikakubali.

Kengele ya saa nne ililia. Watafiti walitulia, wakatazama mlango. Chai haikuja. Walisubiri wakipangusa miwani. Saa nne na robo Profesa Mgaza aliniuliza mimi, kama vile ningejua, "Chai iko wapi?"

Hapo ndipo sauti ilipopita juu ya ukuta. Haikuwa ya Kibwana. Ilikuwa ya mwanamke, yenye pumzi fupi ya mtu aliyetembea haraka. Makarani walishika kalamu.

"Nimefikaa! Mama kanitambua! Kanywa uji nusu kikombe!" Kisha ikanyamaza, ikaanza tena. "Na ninyi hapo! Mikate ya leo iko kabatini, chini ya kitambaa! Sukari msiimalize!"

Niliinama kuficha uso wangu. Nilipoinuka, ukumbi mzima ulikuwa kazini.

"Ubeti wa sita," alisema karani.

"Subiri," alisema Dakta Fumbwe. "Wimbo huu huimbwa na mwanamume. Na mama hawezi kula. Akila, si Wimbo wa Mama Asiyekula. Halafu huo uji unatoka wapi?" Alitikisa kichwa. "Ubeti huu umeghushiwa."

"Dakta," nilisema, "huyo ni Bi Zamda."

"Zamda yupi?"

"Anayewapikia chai. Mnaijua sauti yake. Yuko Ngele sasa hivi."

Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika kweli. "Yule mama," alisema, "alifeli."

Profesa Mgaza, ambaye njaa ilikuwa imemzidi, alimtuma karani aangalie kabati la jikoni. Karani alirudi amebeba sinia lililofunikwa kitambaa, na mikate bado ilikuwa ya moto. Ikapitishwa meza nzima, kila mtu mmoja, Dakta Fumbwe miwili. Mimi sikupewa. Kisha, wakiwa bado wanatafuna, wakapiga kura kwa kuinua mkono ulio mtupu, na wote kwa pamoja wakaamua kwamba sauti ile haikutoka Ngele.